Saa Mia Mbili za Kuzoesha Waya

Mke wangu alipofariki aliniachia nyimbo za kwaya ya parokia, ambazo tulikuwa tumeshazihamishia kwenye flashi. Aliimba sauti ya kwanza, na katika wimbo wa tatu kuna ubeti anaouimba peke yake kabla wenzake hawajaingia. Mwaka wa kwanza niliusikiliza kila Jumapili nikitoka misa. Mwaka wa pili nikaona sauti yake inafifia. Besi na ngoma vilikuwa palepale. Yeye ndiye aliyekuwa anasogea mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu.

Sikumwambia mtu. Nilibadilisha spika, hali ikawa ileile. Fundi wa redio mjini akasema labda waya zimechoka. Nikaulizia mpaka nikampata muuzaji mmoja wa Dar es Salaam mwenye waya za kifahari, nene, za shaba safi, zilizovikwa kitambaa cheusi kilichosukwa. Niliuza mahindi niliyokuwa nimeyaweka akiba, zikaja kwa basi.

Nilipozifunga sikusikia tofauti. Muuzaji akanieleza kwa upole kwamba waya za aina hiyo hazitoi sauti yake halisi siku ya kwanza. Lazima zizoeshwe: muziki upite ndani yake saa mia mbili, ndipo zifunguke. Nilimwamini kwa sababu sikuwa na kingine cha kuamini.

Basi nikawasha muziki asubuhi mpaka jioni. Hata nikienda shambani, nyumba yetu ya Mshangano ilibaki inaimba. Umeme ulipokatika nilikaa mbele ya amplifaya, kisha nikampigia muuzaji kumuuliza kama saa zilizopita zimepotea. Akasema hazipotei. Jirani yangu, mwalimu aliyehamia kutoka Mwanza, akaja akaniamkia shikamoo, akaniomba nipunguze sauti maana watoto wake hawawezi kusoma. Nilimsihi anivumilie wiki moja tu. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa. Sasa najua nilikuwa nampigia kelele.

Saa mia mbili zikatimia. Nikafunga madirisha, nikaweka wimbo wa tatu. Kinanda kikaanza, halafu pakawa patupu pale ubeti wake ulipopaswa kuwa, halafu wanaume wakaingia. Niliurudia wimbo ule mara nyingi, kisha nikakaa sakafuni. Muuzaji akasema zipo zinazohitaji saa mia nne. Nikaanza upya.

Jumamosi moja binti yangu, anayefundisha Namtumbo, alikuja kunitazama. Sikusikia hodi yake. Niligeuka nikamkuta amesimama sebuleni, machozi yanamtoka. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama," akasema. "Sijamsikia tangu tumzike."

"Unamsikia?"

"Si huyo anaimba, baba?"

Nikamwomba arudishe mwanzo. Nikaweka sikio kwenye spika, yeye akanishika bega, na mama yake alipoanza akaniminya. Niliona kitambaa cha spika kinatetemeka. Sikusikia kitu.

Jumatatu akanipeleka hospitali ya Peramiho. Walinivalisha vifaa vya masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa muda mrefu kidole kikiwa juu ya kitufe, nikidhani hawajaanza. Daktari akaniuliza nimefanya kazi gani maishani. Nikamwambia mashine ya kusaga unga, miaka yote, nikiwa nimesimama kando yake. Akatikisa kichwa. Akasema sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, na zikishaondoka hazirudi. Kifaa cha kusikilizia kingenisaidia katika mazungumzo. Nilipomuuliza kuhusu kuimba, akasema asingependa kunipa matumaini.

Tulitoka tukaketi kwenye benchi kungojea gari la Songea. Binti yangu alidhani nalia kwa sababu ya masikio. Nikamwambia hapana. Wiki zote zile mama yake alikuwa akiimba humo ndani kutwa nzima, waziwazi, majirani wakimsikia, na mimi nimekaa mbele yake nikimsubiri aje.

Hakunijibu, au alinijibu sikusikia. Alivuka barabara akaninunulia maji. Nikanywa. Gari lilipofika tulipanda, tukarudi mjini.