Sori ya Dirishani

Karani wa dirisha la wagonjwa ana neno moja la Kiingereza, na analitia kila mahali kama chumvi. Sori ya kufunga kioo maana yake sogea. Sori ya macho kwenye simu ni sijakusikia, na ya mabega juu ni shauri yako. Anaita majina kwa sauti ya mtu anayezungumza na kucha zake. Asiyeitika, kadi yake inashushwa chini ya rundo. Bi mkubwa mmoja, masikio mazito, alishashushwa mara mbili na kidonda cha mguuni kinatoa maji.

Binti yake akachemka. Aliwahi kusoma kwenye kamusi kwamba neno hilo, huko lilikozaliwa, ni ndugu wa neno la kidonda.

“Dada, kidonda cha mama hiki hapa. Chako kiko wapi?”

“Sori,” karani akajibu, akakisukuma kioo kwa kishindo, kikambana kidole chake mwenyewe. “Mama weee!”

Bi mkubwa hakusikia, ila aliona. “Pole, mwanangu.”

“Mama! Unampa pole huyu?”

Binti akapenyeza mkono pale kioo kilipobaki wazi, akaichomoa kadi chini kabisa, akamwinua mama yake, wakaingia kwa daktari bila kuitwa.