Dhambi Niliyoitunga Giakanja

Harufu ya mafuta ya kukamulia ng'ombe hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale Nanyuki kuuliza kama wana kazi ya kupanga mizigo, muuzaji akafungua kopo la yale mafuta ya manjano, na papo hapo nikawa na miaka kumi, miguu inameremeta, nimebanwa kwenye benchi sebuleni kwa Tata. Hayo ndiyo mafuta tuliyopakwa tukienda mbele za Mungu. Ng'ombe alipata yaliyobaki.

Tata alikuwa dada ya marehemu baba yangu. Alinilea kijijini Giakanja kwa sababu mama alikuwa akifua nguo za watu mjini Skuta, na Tata aliniruhusu kumwona siku za sikukuu tu. Kila Jumamosi mchana waliookoka walikutana kwetu. Tulikaa tukigusana magoti, bati likilia juu kwa joto, na kila mtu alisimama kutaja dhambi aliyooshwa wiki hiyo. Huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba unakua kiroho. Asiye na dhambi mpya aliitwa baridi. Mama alikuwa amekataa kusimama, miaka mingi nyuma, na tangu hapo jina lake lilitajwa kwa kuguna.

"Kahawa isiyokatwa huzaa majani," Tata alipenda kusema, na alitukata kwelikweli. Ukicheka sana, anakata. Ukiuliza swali, anakata karibu na shina. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Niliwahi kumuuliza kama Mungu huchoka kusikia habari za majirani zetu. Nililala bila chakula.

Mwaka huo Tata alisema Pasaka ningeenda kwa mama endapo tu ndugu wangeona nimekua. Jumamosi mbili mfululizo nilikiri kwamba nilinung'unika nikitumwa maji. Mara ya pili mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alinikatiza.

"Hiyo si ni ile ya juzi? Huna ingine?"

Sikuwa na ingine. Niwaambie ukweli, nilijikagua wiki nzima kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ilibaki Jumamosi moja kabla ya wiki ya Pasaka, na nilimtaka mama yangu. Kwa hiyo niliposimama nikasema nimekuwa nikinywa maziwa ya mkebe wa kupeleka kituoni asubuhi na kujaza maji mahali pake.

Wakaimba! Wakanikumbatia mmoja baada ya mwingine. Tata alilia kwa furaha. Nilichosahau, mimi mjinga, ni kwamba kwa watu hawa dhambi ikishakiriwa lazima uende kuikiri tena kwa uliyemkosea. Na maziwa yetu yalichanganywa na ya kijiji kizima.

Jumatatu alfajiri Tata alinipeleka kituo cha maziwa. Akina mama walikuwa kwenye foleni na mikebe yao, pumzi zikitoka kama moshi. Akanisukuma mbele. "Sema."

Nikasema. Mmoja akapiga kofi pajani.

"Haiya! Kumbe ni nyinyi! Mwezi jana maziwa ilirudishwa yote, ati ni maji, na ilikuwa ni ya hawa watu wa Yesu!"

"Na vile Mama Ushuhuda hutuombea tuache wizi!" akadakia mwingine, akimnyoshea Tata kidole. "Anza na mkebe yako, mama!"

Uso wa Tata ukakauka. Alikuwa amekuja kuonyesha mmea wake, na sasa walikuwa wanaucheka. Nami nikaogopa, nikasema mambo yalivyokuwa: nilidanganya, sijawahi kunywa, sijawahi kuweka maji.

Karani wa kituo akatumbukiza kipimo chake cha kioo kwenye mkebe wetu. Akakitazama sana. "Hii ni nzito. Haina maji."

"Hiyo ni ya leo," Tata akasema. Akanishika sikio. "Wewe Nyambura, Jumamosi ulikuwa nuruni. Leo umerudi nyuma kabisa. Skuta utaiona kwa ndoto."

Mnaona? Uongo wangu waliuimbia. Ukweli wangu ulivutwa sikio mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata, benchi zilipoanza kupangwa, nilitoka kupitia zizini na kutembea hadi Skuta kwa ndara. Nilimkuta mama ameinama kwenye karai, mikono ina povu mpaka kwenye kiwiko. Nikamwaga yote palepale, uongo na ukweli, nikangoja aseme nimekua au nimerudi nyuma. Akatazama miguu yangu.

"Umetembea na hizo? Kuja nikuoshe. Halafu ule."

Hakuuliza ipi ilikuwa kweli. Siku hiyo nilidhani mama hakuelewa uzito wa jambo. Niliacha shule darasa la saba, nimelala katika miji yote inayouzunguka mlima huu ulio juu ya Nanyuki, nimewasumbua wachungaji wengi kwa maswali kuhusu neema, na sijapata jibu linaloshinda lile karai. Alielewa kila kitu. Nilifika bila ushuhuda wowote, nikaoshwa miguu.

Tata bado yuko hai, na bado anakata watu. Mama, ambaye sasa ana mvi, huniuliza kwenye simu kama nimemsamehe Tata. Maneno ya kusamehe nayajua. Ningeweza kuyasema vizuri, na machozi juu yake, na mama angefurahi. Lakini nimeshawahi kusimama mbele za watu na kutunga kilicho moyoni mwangu.

Kwa hiyo namjibu, "Bado, mama. Sijafika hapo."