Mzee Faki Ametutoka

Tovuti ya mtaa wetu hapa Wete ni yangu mwenyewe, na naiandika kwa Kiswahili kizito cha masomo ya jioni. Jirani yetu Mzee Faki alipohamia Mkoani, nikamuaga humo: "Mzee Faki ametutoka. Tutamkumbuka daima." Nikajisifu mpaka usingizini.

Kesho yake nikakuta gari limejaa majirani wenye kanzu. Wakaniita: "Panda, kuna msiba kwa Mzee Faki."

Nikapanda, nikalia njia nzima, machozi ya kujaza tangi.

Mkoani, mlango akaufungua Mzee Faki mwenyewe, kikombe cha chai mkononi.

"Karibuni. Kafa nani?"

"Weye, Mzee," akajibu imamu wa mtaa wetu, tuliyekuja naye.

"Nani kakwambieni?"

Simu zikatolewa mifukoni, na zote zilionyesha tovuti yangu.