Balozi Otakar Agombea Jengo Letu

Bwana Otakar wa ghorofa ya tatu ni mtoto wa makabaila wa Kicheki. Ukipanda naye lifti hapa kwetu Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, kabla hamjafika ushajua kasri la babu yake lilikuwa na vyumba arobaini. Yeye anavyo viwili.

Serikali ya zamani ya kwao, ya kikomunisti, ndiyo iliyolichukua kasri. Yeye akaenda kuomba kazi kwa serikali hiyohiyo, ikampeleka ubalozini Dar es Salaam, ndiko alikookota Kiswahili anachotusemesha. Serikali ilipoanguka, kesho yake akawa mpinzani wake mkubwa. Akapewa ubalozi. Vyama alibadili vitatu, ubunge aligombea mara mbili, akaangushwa zote. Alistaafia Stockholm, na hakuna aliyemwita nyumbani.

Juzi akasikia jengo letu linachagua mwenyekiti. Basi! Tai shingoni, mlango kwa mlango. Alikitaka cheo kile mpaka kila kengele akaibonyeza mara tatu.

Ugomvi wetu ni mmoja: chumba cha kufulia, Jumamosi asubuhi. Mama Épiphanie anakitaka kwa sababu ya magauni ya kwaya. Mzee Aristide anakitaka kwa kuwa wiki nzima yuko kazini Kista, upande wa pili wa jiji.

"Mama, Jumamosi ni yako," balozi akamwambia Épiphanie.

Kwa Aristide: "Ndugu yangu, Jumamosi ni yako. Iwe siri yetu."

Ghorofa zote hivyo hivyo.

Jumamosi saa mbili, vikapu kumi na moja mlangoni, mashine mbili.

"We Aristide, unatafuta nini hapa?" akauliza Épiphanie.

"Nimepewa na balozi."

"Hata mimi!"

Wakamwita. Akashuka, akatazama vikapu, akatabasamu. "Nafurahi pande zote zimefika. Ni mwanzo mzuri wa mazungumzo."

"Mazungumzo?" akasema Épiphanie. "Baba, nina magauni ishirini na mawili!"

Jumatatu tukapiga kura ya mikono. Otakar alipata mkono mmoja, wa kwake, akaupandisha polepole kama anayepungia umati. Aristide akamtaja Épiphanie palepale. Mikono yote ikapanda, na wa Otakar tena.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akainama mbele yake, "nilikuwa upande wako tangu mwanzo."

"Vizuri, baba. Basi Jumamosi utafagia chumba cha kufulia."

Akafagia, na tai yake. Aristide alipoingia na kikapu, balozi akamsogelea sikioni.

"Ndugu yangu, huyu mama hatafika mbali."

"Nyuma ya mashine bado kuna vumbi, balozi."