Mbao Sita za Paini

Nilipohamishiwa Ziwani, huku pwani, kufundisha, nilipakia kwenye lori mbao sita za paini kutoka kwetu Mufindi. Baba ni fundi seremala. Alizipiga randa mwenyewe ili nitengenezee kabati. Sikulitengeneza. Nilizipanga chumbani juu ya matofali, mchwa wasizifikie, na jioni nikishachoka kukaa peke yangu nilizinusa. Sioni aibu kusema hivyo. Upweke ule ulikuwa umenikaba.

Jirani yangu, mkulima wa korosho, ndiye pekee aliyekuwa akinigongea mlango. Siku moja alinikuta pua iko kwenye ubao.

"Mwalimu, mbao hizo mchwa wa huku watazila kama muhogo wa kuchemsha," alisema. "Ungetafuta mninga."

Kisha akainama, naye akanusa.

"Kwenu kunanukia hivi?"

"Msitu mzima."

Tangu hapo kila alipokuja aliulizia kwanza hali ya mbao, ndipo aulize yangu.

Alifariki Ijumaa moja alfajiri. Kwetu jirani akifa, mwenye mbao haendi msibani na pole ya mdomo tu. Sikumuuliza mtu. Nilikata, nikapigilia misumari asubuhi nzima, na kabla ya adhuhuri nikabeba jeneza kichwani hadi kwake. Wanaume waliokuwa kwenye mikeka waligeuka kunitazama.

Mwanawe mkubwa alinisogelea. "Mwalimu," akasema taratibu, "sisi tunazika kwa sanda. Hatutumii sanduku."

Nilikuwa nalijua hilo, nani asiyelijua? Asubuhi ile lilinitoka kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akapitisha kiganja juu ya mfuniko. "Lakini kule kaburini tunahitaji mbao za kumfunika, udongo usimwangukie. Tulibomoe?"

Tuling'oa misumari pamoja, tukakata mbao vipande vifupi. Makaburini waliniachia mimi kazi ya kuwapokeza waliokuwa shimoni, kipande kimoja kimoja. Nilipowapa cha mwisho, sanda haikuonekana tena. Harufu ya paini ilipanda kidogo, kisha wakaanza kufukia.

Chumbani yamebaki matofali. Baba akipiga simu huuliza mbao zake zinaendeleaje, nami humjibu kwamba zipo, mchwa hawajazifikia. Huku Ziwani hakuna tena anayeziulizia.