Akili ya Mzee Barazani

Nilikuwa msaidizi wa tabibu katika zahanati ya Nyabiyonza nilipoitwa barazani kujibu swali moja: je, mzee huyu amepotewa na akili kweli, au anajifanya? Alikuwa amevuka miramura, ile mimea tunayopanda mpakani mwa mashamba, akafyeka migomba ya jirani. Tangu aanguke kutoka mtini msimu uliopita, hakumbuki kitu, alisema mkewe. Akionekana mwongo angepelekwa gerezani Bukoba, na mama yule aliamini hatarudi hai.

“Anajifanya!” jirani alifoka. “Si mmeona wote? Kapewa kahawa ya kutafuna, kaipokea kwa mikono miwili, kashukuru. Mwehu gani ana adabu hivyo?”

Watu waliguna kukubali. Kwetu, mwenye adabu ndiye mwenye akili, hata mkuu wa gombolola, mtawala wa eneo letu aliyeongoza baraza, aliona hivyo. Mimi sikukubali kuondoka bila kumpima.

Nilichukua buni moja, punje ya ile kahawa, nikamwonyesha mzee kiganja kilichokuwa nayo, nikafumba ngumi zote mbili. Tukaongea habari za ng'ombe kidogo, kisha nikamuuliza, “Baba, iko wapi?” Akagusa ngumi tupu. Tukarudia. Akapata. Akakosa, akapata tena, akacheka kama aliyeshinda bao.

“Hiyo inaonyesha nini?” mkuu aliuliza.

“Mkuu, asiyekumbuka hubahatisha, na mwenye kubahatisha hupata pia. Anayejifanya huogopa kupata. Hukwepa mkono wenye buni, na hawezi kuukwepa kila mara bila kukumbuka ni upi.”

“Na ile adabu?”

“Aliizoea tangu utotoni. Mazoea ya namna hiyo hubaki hata kumbukumbu ikiondoka.”

Jirani akasogea. “Haya, nipime mimi! Leo nami ni mwehu.”

Nikampima. Akagusa ngumi tupu. Tena tupu. Na tena tupu, huku macho kayakodoa kwa ujinga wa kuigiza.

“Mwehu hodari, hakosei kukosea!” mwanamke mmoja alisema, na baraza zima likaangua kicheko. Jirani naye akacheka, kisha akamtazama mzee kwa muda mrefu, akaketi.

Mkuu akaamua: gereza hapana, wana wa mzee wapande machipukizi mapya mahali pa migomba iliyofyekwa, na baba yao asiachwe peke yake.

Mkewe akamshika mkono. Huko nje mzee alielekea upande usio wa kwao. Mkewe akamgeuza taratibu, wakashika njia ya kwao Kiruruma.