Siku Tuliyompungia Bendera Bibi Harusi

Mwenyekiti wetu wa mtaa alipita jioni na kipaza sauti. Kesho, alisema, mgeni mkubwa wa kitaifa atapita barabara yetu, kwa hiyo kila mzalendo afike na bendera kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mimi ni mwalimu, sikuwa na pa kujificha. Shangazi yangu, anayeuza ndizi na mdalasini wa Kinole, kule mlimani, aliifunga bendera yake kwenye mpini wa fagio, akavaa kanga mpya, akanivuta mpaka mstari wa mbele.

Tulisimama pale tangu asubuhi. Jua likapanda, mlima ukajifunika mawingu, mgeni haonekani. Mwenyekiti akatufundisha kupunga: kulia, kushoto, kwa pamoja, bila kumchoma mwenzio jicho. Waliochoka walianza kujipepea kwa bendera, akawakemea kwamba hazikushonwa kwa kazi hiyo.

Mchana tukaona pikipiki zimewasha taa, zinapiga honi, na nyuma yake magari meusi yanang'aa.

"Pungeni. Imbeni," mwenyekiti akaamuru.

Tukapunga, tukaanza wimbo wa taifa. Gari la mbele lilikuwa wazi juu, na aliyesimama humo alivaa shela jeupe.

Wote tuliona kuwa ni harusi, lakini wimbo wa taifa ukishauanza unaukatishaje? Bibi harusi alitushangaa kidogo, kisha akainua kiganja akatupungia polepole, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Vijana wa matarumbeta waliokuwa kwenye pikapu nyuma yake wakaacha walichokuwa wakipiga, wakaudaka wimbo wetu. Msafara mzima ukasimama. Waendesha pikipiki wakavua kofia. Bibi harusi akasimama wima, maua kayabana kwapani.

Wimbo ulipokwisha, shangazi alikuwa ameshafika dirishani kwa bwana harusi.

"Shikamoo mheshimiwa."

Kijana mwenyewe ni mdogo kuliko kitinda mimba wa shangazi.

"Marahaba," akajibu, nadhani kwa kiwewe.

"Mtaro wetu pale chini umeziba. Mvua ikinyesha tunalala na maji."

Kijana akamtazama mwenyekiti, akamtazama mkewe mpya, akakohoa. "Nimekusikia, mama. Tutalifanyia kazi."

Nikamnong'oneza shangazi kwamba yule ni bwana harusi.

"Najua," akasema. "Huyo mwingine yuko wapi nimwambie?"

Mara simu ya mwenyekiti ikaita. Mgeni alikuwa amepitia barabara nyingine, na sasa alishavuka Dakawa, mbali kabisa na sisi. Mwenyekiti akainua kipaza sauti ili atutawanye, lakini matarumbeta yakaanza upya na kiuno chake kikamsaliti. Basi tukausindikiza msafara mpaka ukumbini, bendera juu, yeye mbele anacheza.

Mshereheshaji alipotuona mlangoni akatangaza kuwa serikali nayo imefika, wageni wasimame watupigie makofi. Hakuna kati yetu aliyemsahihisha. Tukapewa meza ya mbele, na shangazi akaanza kuulizia pilau. Ndipo mwenyekiti akaombwa aseme machache kwa niaba ya serikali. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akazungumzia amani, umoja na maendeleo ya mtaa mpaka chakula kikapoa.